Baiskeli kwa ajili ya taa za sola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Uingereza, mwendesha baiskeli wa kawaida, wala si msemaji wa shirika lolote. Kila majira ya baridi yakiisha huku, simu huanza kuita na maswali kuhusu safari za baiskeli za kuchangishia taa za sola ni yale yale: ya ndugu walioko Dar, ya wafanyakazi wenzangu, ya vijana wa msikitini wanaotaka kujiunga. Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo nimeyakusanya hapa.

## Mambo ya mwanzo

1. Safari ya baiskeli ya hisani ni nini hasa?

Watu wanakubaliana kuendesha baiskeli umbali fulani, kisha kila mmoja anawaomba ndugu, jamaa na marafiki wachangie kwa ajili ya jasho lake. Fedha zinakwenda kwenye kazi iliyotajwa, na hapa kazi hiyo ni taa ndogo za sola kwa kaya maskini. Baiskeli yenyewe haizalishi umeme wala haibebi taa. Niliwahi kuulizwa kama taa zinafungwa kwenye keria.

Ninayoizungumzia zaidi ni safari ya London hadi Paris, kwa kuwa mashirika mengi ya hisani ya Uingereza huipenda. Majibu ya taa na fedha yanamfaa hata anayeanzia Mbagala. Anayetaka kuendesha akiwa nyumbani aruke hadi swali la 19.

2. Ni mashindano?

Hapana. Hakuna mshindi, hakuna saa inayopimwa. Wa mwisho kufika husubiriwa, na mara nyingi ndiye anayepigiwa makofi zaidi.

3. Kwa nini msitume hela tu, mkaacha kujitesa?

Kwa sababu mtu akiombwa pauni 20 za taa anasema "nitaangalia". Akisikia kwamba wewe, unayepanda lifti kwenda ghorofa ya pili, unataka kufika Paris kwa miguu yako, anatoa huku anacheka. Sisi tunaijua kanuni hii vizuri: ni mchango wa harusi, ni harambee, isipokuwa kamati haina vikao vya kila Jumapili.

Ila nikuambie ukweli: kama unazo hela zako na baiskeli huipendi, tuma hela. Taa haitajua tofauti.

4. Kwa nini taa, wakati serikali zinapeleka umeme vijijini?

Kwa sababu foleni ni ndefu. Takriban watu milioni 600 Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara bado hawana umeme. Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuhusu mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Mpango huo ukitimia wote bila kupungua hata mtu mmoja, nusu ya foleni bado imesimama, na watoto wanaendelea kuzaliwa.

Tanzania imepiga hatua kubwa tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007. Lakini waya kufika kijijini si waya kufika nyumbani. Ada ya kuunganishwa kijijini imekuwa shilingi 27,000, na mtu akishaipata bado anatakiwa kumlipa fundi wa kufunga nyaya za ndani, na kitongoji chake kiwe karibu na nguzo. Malawi hali ni ngumu zaidi: kaya zenye umeme wa gridi hazifiki hata robo.

Taa haishindani na nguzo. Inamshika mtu mkono wakati anasubiri nguzo.

## Taa yenyewe

5. Taa ya sola ya "bei nafuu" ikoje?

Ina vitu vitatu: paneli ndogo, mara nyingi inayolingana na kiganja, betri ya lithiamu inayochajiwa, na balbu ya LED. Asubuhi unaianika, jioni unaiingiza ndani. Jua la siku nzima hutoa mwanga wa saa kadhaa, zaidi ukipunguza ukali. Ya ngazi ya chini kabisa inawasha tu. Ya juu yake kidogo inachaji na simu. Hiyo ya pili ndiyo watu huitaka, maana kijijini kuchajisha simu kwa jirani au dukani ni kwa kulipa kila mara.

Jambo moja ambalo karatasi ya maelekezo hulisema kwa herufi ndogo: usiiache juu ya bati siku nzima kama betri iko ndani ya taa ileile. Joto la bati huichosha betri. Ianike mahali penye jua na upepo, na uwaangalie kuku.

6. Kibatari kina ubaya gani? Sisi wote tumesomea kibatari.

Tumesomea, na asubuhi tulipopenga kamasi ilitoka nyeusi. Huo weusi umepimwa: watafiti walioutangaza mwaka 2012 walikuta kwamba utambi wa kibatari hugeuza kati ya asilimia 7 na 9 ya mafuta kuwa masizi meusi, na hayo ndiyo anayovuta mtoto aliyeinamia daftari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu nishati za majumbani, lilishauri mafuta ya taa yasitumike nyumbani.

Kuna mengine hayahitaji mtafiti. Kibatari kilichopinduka kwenye mkeka. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa kwa sababu yalihifadhiwa kwenye chupa ya soda. Na bei yenyewe: maskini hununua mafuta kwa kipimo kidogo kabisa, kila siku, na kwa hiyo huyalipia ghali kuliko anayenunua lita tano. Ukilinganisha na mwanga wanaopata wote wawili, anayeishi gizani ndiye anayelipa zaidi.

7. Lakini siku hizi vijijini watu wanatumia tochi, sivyo?

Sehemu nyingi ndivyo, na mabango ya kuchangisha yanayoonyesha kibatari peke yake yamechelewa. Tochi za LED za betri kavu zimeingia kila gulio, na simu yenyewe ni tochi. Moshi umepungua.

Kilichobaki ni gharama ya betri, ambazo nyingine hufa ndani ya siku chache, na taka zake. Nenda nyuma ya nyumba yoyote uone zinatupwa wapi: shimo la choo, shambani, mikononi mwa watoto wanaozipasua kutafuta kile kijiti cheusi cha ndani. Taa ya sola inaondoa ununuzi huo wa kila wiki. Ukimweleza mchangiaji, mweleze hivi, usimchoree picha ya mwaka 1985.

8. Taa zinagawiwa bure?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu huwaudhi wengi: katika miradi ninayoiamini, mara nyingi hapana. Zinauzwa.

Fikiria duka la kijijini. Mwenye duka amekopa, amenunua taa kumi. Wiki hiyohiyo linakuja gari la msaada, linamwaga taa mia tatu bure. Wananchi wanashangilia, wageni wanapiga picha, gari linaondoka. Mwenye duka hataleta taa tena maishani mwake. Mwaka unaofuata taa mia tatu zinaanza kufa moja moja, na hakuna betri ya kubadilisha wala anayejua kuzifungua. Msaada umeua biashara ndogo iliyokuwa iwahudumie miaka kumi.

Kwa hiyo fedha za wachangiaji hufanya kazi nyingine, isiyopendeza kwenye picha. Zinalipia usafiri hadi mahali ambapo mfanyabiashara wa mjini haoni faida, zinawakopesha mawakala mzigo wa kwanza, zinafundisha mafundi, zinabeba hasara za mwanzo. Mnunuzi analipa bei ambayo ataiokoa kwenye mafuta au betri.

Wapo wasioweza kulipa hata hiyo, na mtu asikudanganye kwamba soko litawafikia lenyewe. Kwa hao kuna njia nyingine. Malawi, katika eneo la Kasakula wilayani Ntchisi, shirika la SolarAid limejaribu kufunga mitambo midogo katika nyumba bila kuiuza: mwenye nyumba halipii mtambo, analipia mwanga anaoutumia, kwa viwango vinavyolingana na kile alichokuwa akitoa kwa mishumaa na betri. Mtambo ukiharibika, tatizo ni la shirika, si lake. Mimi hili limenishawishi kuliko yote niliyoyaona.

Ipo pia njia ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, iliyoenea Kenya tangu kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza mwaka 2012. Ni nzuri kwa mwenye kipato cha kila siku. Ila fahamu kwamba ukikosa kulipa, taa hujizima yenyewe, na deni ni deni hata likiwa la jua.

9. Fedha zinapitia shirika gani, na Tanzania imo?

Inategemea safari uliyojiunga nayo. Soma kabla ya kujiandikisha. SolarAid, niliyoitaja juu, ilianzishwa Uingereza mwaka 2006, chini ya Jeremy Leggett na kampuni yake ya sola, Solarcentury. Inauza taa kupitia tawi lake la biashara, SunnyMoney.

SunnyMoney ilifanya kazi Tanzania, na Kisiwa cha Mafia kilikuwa miongoni mwa sehemu zake za mwanzo. Njia yao ilikuwa ya akili: walipitia kwa walimu wakuu. Mgeni akikuuzia kitu cha ajabu kinachokula jua, unamtilia shaka. Mwalimu mkuu akisema shuleni kwamba ameijaribu na inawaka, mzazi anatoa hela. Miaka ya karibuni nguvu zao zimekuwa zaidi Malawi na Zambia, kwa hiyo usimwahidi shangazi yako wa Kilindoni, kule Mafia, kwamba pauni zako zitamfikia yeye.

Kwa anayetaka jambo lenye mizizi ya nyumbani, kaskazini ya Unguja kuna kituo cha Barefoot College, chenye asili ya Tilonia nchini India. Kinawafundisha wanawake wa vijijini, wengine hawakusoma kabisa, kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, kisha wanarudi kwao kuwa mafundi.

10. Nitajuaje taa si feki?

Uliza kama imethibitishwa na VeraSol, mpango uliorithi kazi ya Lighting Global ya Benki ya Dunia. Wanaipima taa: inawaka saa ngapi kweli, betri inadumu vipi, swichi inavumilia kubofywa mara ngapi. Shirika lisiloweza kukutajia aina ya taa linayouza, achana nalo.

Za feki zinajulikana kwa ahadi. Paneli kama kadi ya benki, halafu boksi linasema itawasha balbu tatu, redio na feni.

11. Ikiharibika?

Mara nyingi ni kitu kidogo: waya uliokatika, swichi, au betri iliyochoka. Taa inayofunguka kwa bisibisi hupona. Iliyogandishwa kwa gundi hutupwa. Ndiyo maana mafunzo ya mafundi yana thamani kama taa zenyewe, na SolarAid imetengeneza programu ya simu inayomwelekeza fundi hatua kwa hatua. Ningefurahi siku moja kuona safari nzima ya baiskeli ikichangisha kwa ajili ya bisibisi na betri za akiba, lakini nakubali bango lake halitavutia.

## Fedha

12. Natakiwa kuchangisha kiasi gani, na vipi?

Kila safari ina kiwango chake, pamoja na ada ya kujiandikisha. Uingereza wengi hutumia tovuti ya kuchangisha ya JustGiving, mchangiaji analipa moja kwa moja na wewe hushiki hela. Kwa ndugu wa Tanzania tumia Lipa Namba, kwa Kenya M-Changa, na risiti zote ziwekwe hadharani kwenye kundi. Hela ya watu isikae kwenye akaunti yako binafsi hata usiku mmoja. Maneno huanza mapema.

Ushauri: anza na mtu unayejua atatoa kingi. Wanaofuata hutazama kiasi cha wa kwanza, kama kwenye kadi ya mchango wa harusi.

13. Gift Aid ni nini?

Mlipa kodi wa Uingereza akitoa pauni 1 kwa shirika lililosajiliwa, shirika linadai peni 25 za ziada kutoka serikalini. Mchangiaji haongezi kitu, anaweka alama tu kwenye fomu. Aliye nje, asiyelipa kodi Uingereza, asiweke alama hiyo.

Kuna mtego: kama michango inalipia pia gharama za safari yako, basi michango iliyotolewa na mwenzi wako, wazazi au ndugu zako wa damu inaweza isihesabiwe. Waulize waandaaji. Ukijilipia gharama zako mwenyewe, tatizo hili huisha.

14. Je, michango ya watu inanilipia hoteli ya Paris?

Inaweza, na ni haki ya mchangiaji kujua. Safari hulipiwa kwa njia mbili. Ya kwanza, unajilipia kila kitu (feri, malazi, gari la mizigo), na michango yote inakwenda kwa shirika. Ya pili, unafikisha kiwango kikubwa cha michango, na sehemu yake inalipia safari yako. Ya pili si wizi, inawapa nafasi wasio na akiba. Lakini iseme wazi kwenye ombi lako. Mimi huchagua ya kwanza, kwa sababu sitaki shemeji yangu aninunulie kahawa ya Paris bila kujua.

15. Nisipofikisha kiwango?

Soma masharti kabla. Wengine hukuongezea muda baada ya safari, wengine hukudai tofauti. Michango iliyokwisha kuingia hairudishwi, hata ukiugua ukashindwa kuendesha.

## Njia, baiskeli na mwili

16. Njia inapita wapi?

Iko njia iliyowekwa alama, Avenue Verte, iliyozinduliwa mwaka 2012. Inatoka London kuelekea kusini hadi bandari ya Newhaven, unavuka kwa feri kama saa 4 hadi Dieppe, kisha unashuka Normandy hadi Paris. Jumla ni takriban kilomita 400, au zaidi kulingana na tawi unalochagua. Kipande kitamu kuliko vyote ni kile cha kutoka karibu na Dieppe hadi Forges-les-Eaux: reli ya zamani iliyowekwa lami, tambarare, haina magari. Makundi mengine hupita Dover na Calais.

Waliozoea barabara za nyumbani wajihadhari: ukishuka feri, unahamia kulia. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tumezaliwa na kushoto, na hatari si barabarani pakiwa na magari, maana unawafuata. Hatari ni alfajiri barabara ikiwa tupu, unapotoka hotelini ukiwa na usingizi. Wenzetu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu hapa ndipo wanapotucheka.

17. Nahitaji baiskeli ya bei mbaya, na mazoezi kiasi gani?

Unahitaji baiskeli inayokutosha kimo, yenye gia za kupandia na breki unazoziamini. Ipeleke kwa fundi wiki mbili kabla, si siku moja kabla. Jifunze kuziba pancha na kurudishia mnyororo ulioruka. Beba tyubu mbili.

Mazoezi: wiki 10 hadi 12 zinamtosha asiye mgonjwa. Mara mbili kwa wiki safari fupi, na mwisho wa wiki moja ndefu inayoongezeka taratibu. Kinachowaangusha watu ni siku ya pili, wanapotakiwa kukaa tena juu ya kiti kilichowachubua jana. Kwa hiyo fanya mazoezi ya siku mbili mfululizo angalau mara mbili, nunua kaptura yenye pedi, na usivae chupi ndani yake. Nasema wazi kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia.

Kula kabla ya njaa. Ndizi, tende, mkate wenye siagi ya karanga.

18. Nina pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi Uingereza. Naingia Ufaransa?

Si bila viza ya Schengen. Kibali cha Uingereza hakikuvushi Dieppe. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla na si chini ya siku 15 kabla ya safari, na miadi huwa adimu majira ya joto. Nimeona mtu mwenye miguu ya chuma akiishia Newhaven, akitupungia mkono.

## Hali za pekee

19. Niko Afrika Mashariki. Naweza kushiriki?

Unaweza kuandaa ya kwenu. Dar hadi Bagamoyo ni siku moja kwa mtu wa kawaida. Ondokeni kabla ya jua, mjulishe polisi wa usalama barabarani, na pawe na gari nyuma yenu lenye taa za tahadhari, maana daladala na bodaboda hawajui kama mnachangisha. Wenye pumzi ndefu wana mfano wa Twende Butiama, msafara wa baiskeli wa kutoka Dar hadi alikozaliwa Mwalimu Nyerere, ambao nao huambatana na kazi za jamii.

Kuhusu njia za kupokea fedha, angalia swali la 12. Na mkianza kufikiria kugawa taa wenyewe, rudini kwenye swali la 8 kwanza.

20. Navaa hijabu. Na nifanyeje mazoezi Ramadhani?

Vaa hijabu nyembamba ya michezo chini ya helmeti, na uipime helmeti ukiwa umevaa. Nguo iwe ndefu lakini isiyopepea; pindo lililoingia kwenye mnyororo limewaangusha wengi, wanaume wa kanzu wakiwemo. Ramadhani punguza umbali, endesha saa moja kabla ya futari au baada ya tarawehe, na usiifanye ndiyo wiki yako ya kilomita nyingi.

21. Umeme ukifika kijijini, taa si zitakuwa takataka?

Muulize yeyote mwenye luku iliyoisha saa tatu usiku. Taa inahamia chooni, bandani, kwenye genge la jioni, kwa mwanafunzi wa bweni.

22. Naweza kununua taa huku nikambebea bibi?

Unaweza. Iweke kwenye begi la mkononi ikiwa imezimwa, kwa kuwa betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumbo la ndege. Lakini ningekushauri umtumie hela ainunue dukani kwao, taa yenye uthibitisho nilioutaja kwenye swali la 10, kwa mtu anayemjua jina. Ikizima mwezi wa nane, bibi hatakupigia wewe London. Atatembea hadi dukani na kuiweka juu ya meza.